Mzunguko wa Kumi na Mbili

Jumamosi Wawira alimzika mama yake kupitia simu. Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa mjini Irving, amechuchumaa, akimfunga Bi Pamela kamba za viatu.

Bi Pamela alikuwa Mwingereza wa miaka themanini na minne. Kazi ya mumewe ndiyo iliyomleta Texas zamani, na mume alipofariki akabaki. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, Wawira, muuguzi anayewatembelea wagonjwa majumbani, alimtembeza kila siku ya kazi kuzunguka bwawa lililo nyuma ya nyumba. Mzunguko mmoja ulikuwa robo maili. Bi Pamela naye alikuwa na ramani ya matembezi ya Hembrook, kijiji alikozaliwa: maili tatu, kutoka kanisani hadi kanisani tena. Basi akawa anahesabu mzunguko wa kila siku kama kipande cha njia ile. Siku ya kwanza alitangaza kwamba wamefika kwenye daraja la mawe. Siku ya nne, kwenye kinu cha maji. Leo ilikuwa ya kumi na mbili.

"Leo tunamaliza," alisema, akishika fremu yake ya kutembelea.

"Sawa, Bi Pamela. Polepole tu."

Wakaanza. Ndege za abiria zilipita chini chini zikienda kutua. Bata bukini walikuwa wamechafua njia yote, na Wawira aliangalia pale fremu inapokanyaga. Alisikia kila kitu vizuri, ila kama kinasemwa chumba cha pili. Tangu Jumamosi alikuwa amekula, amelala, ameenda kanisani. Wenzake wa kikundi cha maombi walimletea chapati na kuku wakamwambia alie, asijizuie. Alishukuru. Hakuwa anajizuia. Siku ya mazishi picha kwenye simu ilikwama jeneza likiwa nusu shimoni, na ilipofunguka watu walikuwa tayari wanapanga maua.

"Hapa kuna ngazi fupi ya mbao ya kuvukia ua," Bi Pamela alisema. "Ukishuka ni shamba la ngano. Wale kondoo hawana neno. Ukifika kwenye ukuta wa jumba la zamani, utaona mnara wa kanisa."

"Nauona," Wawira alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomjibu kila siku.

Walipofika kwenye benchi walipoanzia, Bi Pamela aliketi akihema.

"Makaburi yako nyuma. Mama yangu yuko pale karibu na ukuta. Sikumzika mimi. Nilikuwa huku, na watoto wawili wadogo. Simu ilipokuja nilikuwa namenya njegere."

Wawira akamfunga kipimo cha presha mkononi. "Ukafanyaje?"

"Nikaendelea kumenya."

Mashine ikavuma, ikatulia. Mia na thelathini na nne kwa sabini na nane. Wawira aliandika.

"Wangu kazikwa Jumamosi," akasema. "Nyumbani, Embu. Karatasi zangu za uhamiaji bado. Nikitoka, sijui kama nitaruhusiwa kurudi."

"Na umekuja kazini."

"Nimekuja."

Bi Pamela alishusha mkono wa blauzi yake. "Mimi nilifika baada ya miaka miwili. Nyasi zilikuwa zimeota, sikumwona. Ilibidi nimuulize mkata nyasi mama yangu yuko wapi. Hapo ndipo iliponiuma."

Baadaye, ndani ya gari, Wawira alimpigia Jackie, mdogo wake. Kule ilikuwa jioni.

"Jackie, ukitoka mlango wa jikoni kwenda kwa mama, unapitia wapi?"

"Kwa kaburi? Wawira, uko sawa?"

"Niko sawa. Niambie tu."

"Unapita tenki la maji. Zizi halipo siku hizi, tulilibomoa. Kahawa ya juu pia tuliing'oa, sasa ni makadamia. Unateremka hivi, kuna utelezi kidogo, halafu..." Kilio kikamshika.

Wawira alisubiri. Aliona gari la taka likirudi nyuma, likapinda, likaondoka.

"Halafu wapi?"

"Kushoto," Jackie alisema huku analia. "Udongo bado mwekundu. Huwezi kupotea."

Wawira alimshukuru, akamwambia awapigishe watoto mswaki, walale mapema. Saa tano na nusu alikuwa na mgonjwa mwingine mjini Mesquite. Aliingia barabara kuu, akaendesha, na alipozima gari mlangoni kwa yule mgonjwa hakukumbuka kama alipita taa ya kuongozea magari hata moja.