Siku Kamati Ilipomkataa Kipa

Msiniambie nipunguze sauti. Nimeipunguza msimu mzima, na mmeona yalivyotokea.

Naitwa Julieth, nahodha wa Nyuki Queens ya Kanyenye, beki wa kati. Huu ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi ya taifa ya wanawake. Mechi zinatangazwa redioni, timu zinatoka kila pembe ya nchi, na Tabora nzima ilikuwa na timu moja tu humo ndani, ambayo ni sisi. Tulipofuzu, watu walitutania sokoni kwamba tutarudi na magunia ya magoli. Hatukurudi nayo. Tulifunga, tulifungwa, tukatoka sare, na ilipofika mechi ya mwisho tulikuwa tunahitaji sare tu, nyumbani kwetu, ili tubaki kwenye ligi. Tukifungwa tunashuka. Na kushuka maana yake timu imekufa, kwa sababu mdhamini wetu, Bwana Hardik wa duka la vipuri, alishasema wazi kwamba timu ya mchangani hataigusa.

Sasa asiyejua mpira wa kwetu nimweleze kitu. Kila timu ina kamati ya ufundi. Usidhani ni ufundi wa pasi na kona. Ni wazee wanaoshughulika na waganga, ambao kwa adabu tunawaita wataalamu. Timu za wanaume zina mambo hayo tangu enzi za babu zetu, na sisi tulipoingia ligi kamati ikatufuata na ndoo zake. Msimu mzima tumeingia uwanjani kinyumenyume, makalio mbele, watoto wa shule wanatucheka. Vyumba vya kubadilishia nguo hatukanyagi, eti wageni wametega vitu. Tunavalia jezi ndani ya basi, mmoja kashika kanga dirishani. Nilikuwa nacheka tu. Nilisema waacheni wazee wafurahi, miguu inayocheza ni yetu.

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mzee Masolwa, mwenye nyumba za kupangisha kule Kitete. Ukikutana naye msibani ni mtu wa watu, atakuuliza hali ya mama yako mpaka uone aibu. Lakini mguse kwenye mpira, utamkimbia.

Asubuhi ya mechi ya mwisho alikuja kambini na mtaalamu mpya, kijana wa viatu vinavyong'aa na simu mbili mkononi. Tukaambiwa kazi kubwa imeshafanyika alfajiri: yai limefukiwa golini kwetu, kwenye lile goli tutakaloanza kulilinda. Yalibaki maji ya kunawa miguu. Mtaalamu akamnong'oneza Mzee Masolwa, na Mzee akatupanga mstari uani.

"Shikamoo, Mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Sasa kuna jambo dogo. Dawa hii ina mwiko. Mwanamke aliye kwenye siku zake asiisogelee. Kwa hiyo kila mmoja aseme ukweli hapa, yuko safi au siyo safi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Baba mzima, mwenye wajukuu, kasimama uani anakagua hedhi za watoto wa watu! Miaka yote wanaume wanachanjwa, wananyunyiziwa, hakuna aliyewahi kuulizwa ya ndani ya nguo yake. Wametuletea dawa ya wanaume, wameona haitutoshi, na badala ya kuitupa dawa wanataka kututupa sisi.

Wenzangu wakaanza kujibu macho yakiwa chini. Safi. Safi. Najua wawili walidanganya, na walifanya vizuri sana. Ikafika zamu ya Ngollo.

Ngollo ndiye kipa wetu. Ametoka Usinge, huko Kaliua, kwa watu wa jembe wanaopakana na msitu. Ni mrefu, mpole, na hajui kusema uongo hata ule wa kuombea ruhusa kazini. Alijifunza kudaka kwa sababu kaka zake walimsimamisha golini, maana kati yao hakuna aliyetaka kukaa huko. Bila yeye tungeshashuka mapema, nami nikiwa beki wake naijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

"Mimi niko kwenye siku zangu, Mzee," akasema.

"Basi leo utapumzika, binti yangu. Usiguse ndoo, usivuke mstari wa uwanja."

"Apumzike vipi?" nikauliza. "Mzee, huyu ni kipa! Kipa namba moja!"

"Julieth, wewe ni nahodha, siyo kamati."

"Na wewe ni kamati, siyo daktari. Anaumwa? Ngollo, unaumwa?"

"Siumwi, dada," Ngollo akasema taratibu.

Nikamgeukia Kocha Eustace. Kocha ni mwalimu wa sekondari, mpira anaujua vizuri, ila kamati ndiyo iliyomleta na kamati ndiyo itakayomfukuza. Akajikuna kidevu. "Tuyamalize tu, Julieth. Ni mechi moja. Asnath atakaa golini."

Mechi moja! Mechi inayobeba msimu mzima, mtu anaiita mechi moja. Nilitamani ile ndoo nimwagie kichwani. Nikanawa miguu na wenzangu, nimefura, na tukaondoka. Ngollo alipanda basi wa mwisho na kukaa peke yake kiti cha nyuma, kwa sababu mtaalamu alisema asigusane na mtu.

Uwanja ulijaa. Watu wametoka Nzega, wametoka Igunga, wengine na vuvuzela. Tukaingia kinyumenyume kama ada. Wageni wetu, timu kutoka Dodoma, waliingia kwa mbele kama binadamu.

Asnath mazoezini anadaka vizuri, simsemi vibaya. Lakini akiona umati mikono inamlegea, na siku ile mipira ilimponyoka tangu tulipokuwa tunapasha misuli. Kabla ya mapumziko ikapigwa kona. Asnath akatoka, akasita katikati ya njia, na mshambuliaji wao akapiga kichwa bila kuruka. Mpira ukadunda pale pale udongo ulipochimbuliwa kufukia yai, ukaingia wavuni. Moja bila, na sisi ndio bila.

Kwa kuwa vyumba vimekatazwa, mapumziko tulikaa juani nyuma ya goli, mashabiki wanatuona na kutusikia. Nikaenda moja kwa moja kwa kocha.

"Mwingize Ngollo."

Kocha akamtazama Mzee Masolwa. Mzee alikuwa anatokwa jasho ndani ya koti lake. "Mchafu yule akivuka mstari," akasema, "dawa inageuka, inatutafuna wenyewe."

"Dawa ipi? Goli limeingia juu ya yai lenu!"

"Limeingia kwa sababu kuna mmoja wenu amedanganya asubuhi." Akatunyooshea kidole mmoja mmoja. "Simameni. Tutaanza kuulizana upya."

Hapo hapo. Mbele ya jukwaa zima, mbele ya kina baba na kina kaka waliojazana kwenye waya wa uzio. Mmoja wetu akaanza kulia.

"Mzee," nikasema, na sikupunguza sauti, "nakuheshimu kwa umri wako, lakini huna haya. Wewe ulizaliwa na nani? Mama yako alikuwa msafi miezi kumi na mbili ya mwaka?"

Watu kwenye waya wakasema "Lo!" kwa pamoja. Kocha akanivuta jezi. Na wakati sisi tunavutana, Asnath akavua glovu. Akazivua moja baada ya nyingine, akatembea mpaka kwenye benchi alipokaa Ngollo na kumwekea mapajani.

"Mimi golini sirudi," akasema. "Hata mkinipiga. Vaa wewe."

Mwamuzi alishaanza kupuliza filimbi ya kutuita. Kipa mwingine hatuna. Kocha Eustace akamtazama Mzee, akamtazama mwamuzi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Akaenda kwa mwamuzi wa akiba na kubadilisha.

"Usikanyage!" Mzee Masolwa akapiga kelele. "Ngollo! Mstari huo usiukanyage!"

Ngollo akaukanyaga. Hakuukimbilia wala hakuuruka. Akaukanyaga na kuendelea mpaka golini.

Kipindi cha pili walitushambulia kama siafu. Ngollo alidaka mipira ya juu, akajitupa miguuni mwa mshambuliaji wao na kuumizwa bega, akainuka. Kona moja akaidaka mbele ya watu watatu na bila kungoja akaurusha mpira mbali, pembeni, ambako winga wetu Magreth alikuwa peke yake. Magreth akakimbia, mtu anamvuta jezi na yeye anakimbia tu. Akafunga. Sikumbuki nilichopiga kelele. Tukazuia dakika zote zilizobaki kwa magoti, kwa vifua, kwa maombi. Filimbi ya mwisho ikalia tukiwa sare, moja kwa moja. Tumebaki.

Ingekuwa imeishia hapo ningefurahi kama watu wengine. Nilikuwa nimelala chali kwenye nyasi nalia, ndipo nikasikia spika za uwanja. Majidi, mtangazaji wa redio ya hapa mjini, alikuwa hewani, maiki yake mbele ya Mzee Masolwa.

"Tunaishukuru kamati ya ufundi," Mzee anasema, sauti nzito kabisa. "Tumefanya kazi usiku na mchana. Lile bao tulilofungwa lilikuwa kafara, tulilijua mapema. Na kipa wetu alikuwa na homa kidogo, tukampumzisha kipindi cha kwanza, dawa ikamponya."

Kafara! Nimeinuka sijui vipi. Nikamshika Ngollo mkono, na bega lake bovu hivyo hivyo, nikapita naye katikati ya watu mpaka mbele ya Majidi.

"Kipa huyu hapa," nikamwambia. "Muulize mwenyewe homa yake."

Majidi akacheka, akamsogezea maiki. "Eeh, Ngollo, hongera! Wasikilizaji wanataka kujua afya yako."

Ngollo akafuta jasho kwa glovu. Aliongea kwa sauti ile ile ya pale uani, kama anayetoa salamu.

"Sikuwa na homa. Niko kwenye hedhi. Kamati ilinikataza kucheza kwa sababu hiyo, na goli likaingia nikiwa benchi."

Majidi akavuta maiki haraka, akakohoa. "Naam, wapenzi wasikilizaji, tumpongeze kipa wetu, sasa tupate muziki kido—"

Nikaushika mkono wake na kuurudisha pale ulipokuwa.

"Hajamaliza," nikasema.

Ngollo akamtazama Mzee Masolwa, siyo maiki.

"Shikamoo, Mzee," akasema. "Ligi ijayo ni miezi mingi, na mimi kila mwezi nitakuwa na siku zangu. Mjipange."