Pedi ya Modesta

Jumamosi ya sikukuu, sahani za mchana zikiwa bado mezani, Stefano aliipangusa vumbi mashine ya gemu ya utotoni mwao, akaichomeka kwenye runinga ya mama yao na kuvuta kiti. Alikuwa amefika nyumbani kwao Likombe jana yake kutoka Dodoma. Mdogo wake, Anold, alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa basi na shingo ilikuwa bado inamuuma. Wote wawili waliitwa na dada yao, Modesta, kitindamimba wa nyumba ile, waje kwenye kikao.

Kikao chenyewe kilikuwa cha neno moja. Tangu mama yao apooze upande wa kulia, Modesta ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kumgeuza kitandani, kisha anakimbia kwenda kufundisha hesabu. Sasa uhamisho wake ulikuwa umetoka. Mumewe alikuwa Singida, amechoka kumsubiri, na shule zikifunguliwa Modesta alitakiwa aripoti huko. Mama aende kwa Stefano au aende kwa Anold. Basi.

"Tutaongea, Mode," alisema Stefano. "Tumalize kwanza steji hii."

Gemu ilikuwa ya zamani, ya makomandoo wawili, wa bluu na mwekundu, wanaovamia kisiwa cha maadui. Marehemu baba yao, aliyekuwa karani bandarini, aliwanunulia wakiwa shule ya msingi. Pedi za kuchezea zilikuwa tatu. Stefano alishika moja, Anold nyingine. Ya tatu waya wake uliliwa na panya tangu enzi za baba. Ulibaki kipande kinaning'inia kama mkia wa mjusi. Anold alimrushia Modesta hiyo, bila kumtazama, kama walivyozoea kumpa alipokuwa mdogo ili asilie.

"Na wewe cheza."

Modesta alikuwa amekaa pembeni ya kiti cha mama na bakuli la uji mapajani. Aliweka bakuli chini, akabonyeza. Komandoo wa bluu akaruka handaki. Akabonyeza upande wa pili, mwekundu akatupa bomu. Wakasonga hivyo mpaka kwenye daraja, ndipo uji ukamtoka mama mdomoni. Modesta akaweka pedi chini ili amfute, na makomandoo wote wawili wakasimama wima katikati ya daraja, wakapigwa risasi.

"Mode, usiache bwana!" alisema Stefano. "Tunakufa huku."

"Namfuta mama."

"Mfute upesi basi."

Anold alibonyeza pedi yake kwa nguvu. Komandoo wake hakutikisika. Aliufuata waya kwa macho mpaka kwenye mashine, akaona umechomekwa vizuri. Kisha akautazama mkia wa pedi ya dada yake.

"Kumbe inayowaendesha ni hiyo," alisema, akanyoosha miguu.

"Tangu zamani ni hiyo," alisema mama. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili ilikuwa palepale. "Nyie mlikuwa mnabonyeza tu."

Stefano alikuwa ameitwa Komandoo mtaani mpaka alipomaliza kidato cha nne. Vijana walikuwa wakitoka mbali, mpaka Mtawanya, kuja kumtazama akicheza. Modesta naye alikumbuka jinsi kaka zake walivyokuwa wakimwita atoke jikoni, mikono ina unga wa muhogo, kila walipofika kwa bosi wa steji, yule adui mkubwa wa mwisho. "Njoo ukae na sisi, Mode." Alikuwa akidhani wanampenda.

Sasa aliikumbatia pedi kifuani. "Sichezi mpaka mniambie mama anakwenda kwa nani."

Makomandoo walisimama kwenye daraja. Risasi zikaendelea. Stefano akasema kwake kuna ngazi, na mkewe mgongo unamsumbua. Anold akasema yeye amepanga, na choo ni cha nje, mama atafikaje?

"Choo cha hapa nacho si cha nje?" Modesta aliuliza. "Si namchukua mgongoni?"

"Ndiyo maana nasema wewe umeshamzoea."

"Nina mume, Anold."

"Shemeji ni mwelewa," alisema Stefano, na uso wake ulijaa heshima ya kweli. "Halafu wewe una kipaji, Mode. Tazama, hata waya huhitaji. Sisi tukichukua mzigo huu tutauangusha."

Modesta alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mkono wake uliokufa kana kwamba umemtukana mtu.

"Basi, wanangu," mama alisema. "Msigombane kwa ajili yangu."

Modesta akaifungua mikono, akabonyeza, akawavusha.

Jumatatu kaka zake waliondoka na kilo za korosho. Stefano aliibeba na mashine, kwa kuwa watoto wake wako likizo. Pedi yenye mkia alimwachia Modesta, kwa maelezo kwamba ile ni mbovu. Shule zilipofunguliwa, Modesta alikwenda ofisi ya elimu kuomba uhamisho usogezwe mbele. Mumewe alipopigiwa simu alisema sawa, kwa sauti ambayo haikuwa ya sawa.

Jioni moja Modesta alikuwa anamlisha mama, Stefano akapiga simu.

"Mode, niko na watoto hapa. Helikopta inatumaliza. Hebu bonyeza kidogo."

"Kaka, na lile la mama?"

"Unasemaje? Mtandao unakatakata."

"Nasema mama!"

"Sikusikii, Mode. Bonyeza."

Modesta alifumba macho, akafumbua. Akaweka kijiko, akaivuta pedi chini ya mto wa mama, akabonyeza. Huko Dodoma watoto walipiga kelele, zikamfikia wazi bila kukatika hata kidogo: "Baba kaiangusha! Baba ni noma!"

Mama alikuwa amefungua mdomo, anasubiri. Modesta alisonya, lakini vidole havikuacha. Simuni watoto walisema yule komandoo mwekundu bado hajavuka.