Mtoto wa Marehemu

Awiti alikuwa keshavuka ua, sanduku la barafu begani, Odongo akimfuata unyounyo na slipa mguu mmoja. Wanawake wa Kaloleni waliacha kufua ili wasikie vizuri.

"Daktari, hiyo damu yangu haiendi popote. Na ile ya kwanza utairudisha."

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti wa ugonjwa wa kusahau, ule unaorithiwa, na miaka kumi na miwili ya kazi yake ilisimama juu ya ukoo huu. Mzee Willis, aliyekuwa karani wa reli, aliurithi kwa mama yake. Sasa hakujua hata mlango wa choo.

Kasoro ile ile ya Willis ilionekana kwenye damu ya Odongo, na hapo hesabu ikakataa. Odongo aliandikwa mwana wa marehemu Opiyo, kaka yake Willis. Lakini hao kaka walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Opiyo angeitoa wapi? Awiti alilaumu mashine miaka miwili, kisha akalaumu wanafunzi. Mwishowe akakumbuka miaka: Opiyo alikufa themanini na mbili, Odongo akazaliwa themanini na tano. Willis alikuwa amemrithi mjane. Na Awiti, Mjaluo wa mtaa wa Jericho, alikuwa amemwandika Odongo kama yeye mwenyewe alivyolelewa kuamini: mtoto wa mjane ni wa marehemu.

Asubuhi hiyo, baada ya kumtoa Odongo damu upya, alimuuliza mjane mwenyewe, Truphena. Mama yule hakuinua macho kutoka kwenye omena, dagaa aliokuwa akiwachambua. "Aliyelala hapa ni Willis. Mtoto ni wa Opiyo." Odongo alikuwa nyuma ya pazia.

"Lakini ulijua," Awiti akamwambia sasa.

"Kila mtu anajua. Wewe ndiye umeenda kuandika."

"Hakuna majina, ni namba tu."

"Ukoo wote una mtu mmoja aliyezaliwa baba akiwa kaburini. Hata kipofu atanihesabu. Fomu yako si ilisema naweza kutoka siku yoyote? Basi nimetoka."

"Odongo, kuna jambo kwenye damu yako unafaa..."

"La leo limenitosha. Lingine kaa nalo."

"Mwizi wa baba za watu," mtu akasema kwenye kamba za nguo. Wengine wakacheka.

Truphena alisimama mlangoni. "Mpe damu yake, binti. Ulichokuja kuuliza umejibiwa."

Awiti alifungua sanduku. Odongo akaimwaga mtaroni, akamrudishia kichupa.

Ile ya kwanza Awiti aliiharibu mwenyewe Jumatatu, akamfuta Odongo kwenye mchoro wa ukoo. Ukoo ukabaki na mgonjwa mmoja, na kwa mgonjwa mmoja huthibitishi kitu. Ufadhili ulikwisha mwaka huo. Siku hizi Awiti anafundisha baiolojia Machakos. Willis alikufa Aprili. Truphena alihamia kwa dada yake Dandora. Odongo anauza viatu Gikomba. Hajapimwa tena. Ana watoto watatu.