Nusu ya Butoyi

"Mama Projestus, hicho kikombe cha pili ni cha nani?"

Jirani yangu Priscila aliniuliza hivyo jioni moja alipokuja kuomba moto. Alinikuta nimekaa kwenye kigoda na chai ya rangi, kikombe kimoja mkononi, kingine juu ya stuli mbele yangu. Akacheka. "Kama umepata mchumba niambie, nisiwe nakuja jioni nikawaharibia."

"Ni cha Gozbert," nikasema.

Akaacha kucheka. Gozbert alikuwa mume wangu, na wakati huo alikuwa ameshamaliza mwaka kaburini, pale nyuma ya migomba. Priscila alichukua kaa lake la moto kwenye kigae, akaniaga, na tangu siku hiyo hajauliza tena. Watu wa kijiji chetu cha Kirushya ndivyo tulivyo. Tukishajua jambo linamuuma mtu, tunapita pembeni.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya mtoto Bukuru.

Mimi ni mlezi katika kituo cha watoto wadogo cha kigango chetu. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini Padre alikuwa anatafuta mama ambaye nyumbani hana wa kumzuia, nami nilikuwa hivyo: mume amelala, mwanangu Projestus yuko Kahama na simu zake ni za sikukuu. Walinipeleka semina Ngara mjini. Mengi ya semina yamenitoka, moja limebaki: mtoto mwangalie kwanza, kumsemesha baadaye. Hilo halikunipa shida. Mwanamke akikaa peke yake muda mrefu, kazi inayobaki ni kuangalia.

Watoto wananiita Bibi Mwalimu. Asubuhi tunasali, tunaimba, wanacheza na vizibo vya soda na midoli ya maganda ya mgomba, saa nne wanakunywa uji wa mahindi na soya. Saa sita wakishakwenda kwao nafagia, nasali Malaika wa Bwana, naitikia mwenyewe, kisha nafunga mlango.

Kwetu ukisikia mtoto anaitwa Bukuru huna haja ya kuuliza. Ni pacha, yule aliyetangulia kutoka, na nyuma yake kuna Butoyi. Mwaka jana walikuja kituoni wote wawili wameshikana mikono, mama yao Scholastika akiwafuata na jembe begani. Walikaa bega kwa bega, Butoyi kushoto, na chochote walichopewa walikigawa kwanza. Hata pipi walikuwa wanaigonga kwa jiwe ivunjike.

Masika yalipoingia Butoyi akashikwa na malaria, ikampanda kichwani, akafia hospitali. Baba yao ni mtu wa Murusagamba, basi walimzika huko kwenye ukoo wao, na Bukuru akaachwa hapa Kirushya kwa bibi mzaa mama. Hakuona jeneza. Hakuona watu wakilia. Waliporudi walimwambia Butoyi amekwenda kukaa na shangazi yao Lusahunga, kule malori yanakolala. Na kila mara baba yake alipokwenda huko kuuza ndizi alirudi na pakiti ya biskuti. "Haya, Butoyi amekutumia."

Sisi sote tuliombwa tufunge midomo, tukafunga.

Bukuru akaanza kukonda. Muuguzi alipopima watoto alimwambia Scholastika kwamba kilo zimeshuka, na mara ya pili akamwambia zimeshuka tena. Wakampa dawa ya minyoo. Bibi yake akasema kuna jicho la mtu. Mimi nilikuwa sielewi, maana kikombe chake cha uji nakikuta kitupu kila siku.

Basi nikakaa kumwangalia. Sikumsogelea. Nilichukua ungo wa maharage nikawa nachambua, macho kwake. Alikunywa uji mpaka nusu, akachungulia ndani ya kikombe kuhakikisha, kisha akakisogeza kushoto kwake, mahali pasipo na mtu. Akangoja. Mtoto mwingine akapita, akakinyakua, akamaliza. Bukuru hakugomba. Akajifuta midomo, akaenda kucheza. Siku iliyofuata, hivyo hivyo.

Halafu akaja Avelina, kasichana kenye mdomo kuliko wote, mbio.

"Bibi Mwalimu! Bukuru anafuga sisimizi!"

"Sisimizi hawafugwi, Avelina."

"Anawalisha biskuti! Mimi nimemwomba kaninyima, sisimizi kawapa!"

Nyuma ya mkeka uliotundikwa ukutani, tofali moja limemeguka na kuacha tundu. Sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka kama watu wa mnadani. Nikapenyeza mkono. Zilikuwa biskuti, zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba, nyingine zimeota ukungu. Hakukuwa na nzima hata moja. Zote nusu, na kila nusu imevunjwa kwa uangalifu, asije mwenye nayo akasema amepunjwa.

Nilizirudisha kama nilivyozikuta.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Scholastika. Alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya Bukuru."

"Ametukana watu?"

"Angetukana ningefurahi."

Nikamweleza ya uji, nikamweleza ya biskuti. Kisu chake hakikusimama. Nilipomaliza akasema bila kuinua uso, "Kwa hiyo unataka nimwambie."

"Nataka ashibe. Anakula nusu, nusu anamwekea mwenzake."

"Bibi yake amesema pacha akiambiwa mwenzake amekufa, anamfuata. Baba yake naye anasema hivyo hivyo. Sasa akinifia na huyu, mama, utaniletea mwingine?"

"Sina wa kukuletea."

"Basi mwache angoje. Kungoja hakuui mtu."

"Huyu kunamuua, Scholastika. Muuguzi amekuonyesha."

Hapo kisu kikasimama. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na wewe je? Kirushya nzima inajua unamwekea mumeo chai. Nani amekuja kwako Jumapili kukuambia kwamba amekufa?"

Sikutegemea. Kuku walipita katikati yetu wakidonoa maganda, nikawatazama wao.

"Gozbert nilimfumba macho kwa mkono huu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, napalilia majani yake mwenyewe. Ile chai najua haina mtu. Ikipoa nainywa mimi. Bukuru hajui, mwanangu. Yeye anadhani ndugu yake ana njaa."

Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri. "Kesho saa nne njoo kituoni. Usimsemeshe. Simama dirishani umwangalie, basi."

"Kesho nina maharage shambani."

"Haya."

Jioni ile nilichemsha chai. Nilisali rozari yote, tendo la mwisho nikamwombea Scholastika, kisha nikakaa na vikombe vyangu. Nilisikia kwa Priscila wanacheka jambo fulani. Niliinuka nikasogea mlangoni kusikia ni nini, wakawa wameshanyamaza.

Asubuhi nilipokuwa nagawa uji niliona kivuli dirishani. Scholastika alikuwa amekuja, na jembe lake. Sikumsalimu. Niliwasogeza watoto wengine upande wa pili ili kile kikombe kisipate wa kukinyakua.

Bukuru alikunywa. Akafika nusu, akachungulia, akasukuma kikombe kushoto. Akangoja sana. Wenzake walimaliza wakatoka kucheza, yeye yupo tu, miguu amekunja. Mwishowe akageukia mahali pale patupu akasema kwa Kihangaza chetu, taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto: kunywa basi, unapoa. Akakiinua kikombe, akakiinamisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameukinga chini kama unavyomnywesha mgonjwa. Uji ukachuruzika mkekani. Akashtuka. Alinitazama kwa hofu, na nikajua haogopi kwamba amechafua mkeka. Amemwaga uji wa mwenzake.

Scholastika aliingia. Jembe aliliacha chini ya dirisha. Nikageuka nitoke niwaachie nafasi, akanishika upindo wa kitenge. "Usiende."

Akaketi mkekani, upande wa kushoto.

"Hapo pa Butoyi," Bukuru akasema.

"Najua."

Scholastika akafumba macho, akafumbua. Nilimwona akimshika mtoto miguu yote miwili, kwenye vifundo, akaishika kwa nguvu kama anayezuia kitu kisiondoke. Nikakumbuka alichoniambia kuhusu pacha na kufuatana, nikajua ameogopa kweli, na kwamba hata mimi naogopa. Nikamtaja Bikira Maria kimoyomoyo.

"Butoyi hayuko Lusahunga," akasema. "Butoyi alikufa. Ile malaria ilimuua. Tumemzika Murusagamba kwa babu yako, nitakupeleka upaone. Hatarudi, mwanangu. Tulikudanganya kwa sababu tuliogopa."

Nje Avelina alikuwa anagombeza midoli yake ya maganda ya mgomba, anaiambia ipange foleni. Bukuru hakulia. Alimwangalia mama yake mdomo, halafu macho, halafu tena mdomo.

"Na biskuti?"

"Baba yako alinunua. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Zote?"

"Zote."

Akajinasua miguu. Akaenda ukutani, akainua mkeka, akatoa lile jani la mgomba, akalileta akalifungua mapajani mwa mama yake. Sisimizi wakaanza kupanda kanga. Akarudi mara ya pili, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaleta vipande vilivyokuwa vimebaki ndani kabisa, akaviweka juu ya vingine. Scholastika hakupangusa sisimizi. Aliunyosha mkono amguse shavu, Bukuru akarudi nyuma hatua moja, mkono ukabaki hewani.

Kikombe kilikuwa pale kilipoachwa, kimelala ubavu, uji kidogo umetulia ndani yake. Akakiokota. Akachungulia. Kisha akaunywa wote, amesimama, akagonga kitako cha kikombe kwa kiganja mpaka tone la mwisho likadondoka ulimini.

Akanipa kikombe mkononi, mimi, si mama yake. Akavaa kandambili zake, akapita katikati yetu, akatoka nje.