Mbwa na Mjomba

Nyumbani walimwita Wakili. Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na tangu aanze kusema hakuwahi kukubali jambo bila kwanza kuuliza limetoka wapi. Siku ya kuomba mbwa aliichagua mwenyewe: Jumapili mchana, baba yake akiwa ameshiba. Baba akishiba hukubali mambo mengi, kwa sababu kukataa kunahitaji kukaa wima.

"Baba, mbwa wa seremala amebakiza mtoto mmoja," alisema. "Jike, wa kahawia. Seremala ameniambia atanitunzia mpaka Jumamosi. Baada ya hapo anampa mlinzi wa ghala."

Baba yake alikuwa fundi wa friji, na kwa miaka mingi ya kuamua friji ipi itapona na ipi ndiyo basi tena, alikuwa amezoea kutoa hukumu kabla ya kufungua mlango.

"Hapana. Mbwa anakula na haleti kitu. Kazi yake kulala tu."

Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa pale pale sebuleni, chini ya dirisha. Yeye alisema manyoya. Alizitazama sketi nyeusi za sare zilizoning'inia ukutani, akazipangusa kwa kiganja kana kwamba manyoya yameshafika.

Mambo yangeishia hapo kwa heshima zake, lakini mjomba alikuwa hajazungumza. Mjomba, mdogo wake mama, alikuja kukaa wiki mbili baada ya kuacha kazi katika ofisi ya bima, ambako, kwa maelezo yake, hawakujua kumthamini mtu mwenye upeo. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na miezi minane. Upeo wenyewe ulikuwa umelala kwenye kochi pamoja na shuka na mito miwili.

"Tatizo la mbwa ni nidhamu," alisema mjomba, akijifuta mdomo taratibu ili kila mtu apate muda wa kumgeukia. "Mbwa akishaingia ndani hatoki. Atachagua mahali pake, mtamzoea, na siku mkimwambia atoke atawaangalia tu. Bosi wangu wa zamani alikuwa nao watatu. Mimi ndiye niliyekuwa namshauri."

"Ulimshauri nini?" Wakili aliuliza.

"Mambo mengi. Kwa umri wako huwezi kuyaelewa."

Wakili alimtazama. Mtu huyu alikuwa anaeleza hatari ya kiumbe anayeingia asitoke, huku mguu wake mmoja uko juu ya kochi, na usoni hana hata chembe ya aibu. Alijiuliza kama mjomba huwa anasikia anachokisema, au maneno humpitia tu kama maji ndani ya bomba.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu alianza uchunguzi wake. Mjomba aliamka saa nne na robo. Alioga akamaliza maji yote ya moto, akaacha nywele kwenye sinki. Alikunywa chai, na kikombe akakiweka juu ya sketi nyeusi iliyokunjwa vizuri, kikaacha duara. Mama alilisugua duara lile kwa limau. Kisha mjomba alisoma gazeti la juzi, akawachambua wachezaji wa timu ambayo hajawahi kwenda kuitazama uwanjani. Saa saba aliuliza kama jikoni kuna chochote, na harufu ya chakula imejaa nyumba nzima. Akala, akalala.

Jumanne alifanya yale yale, ila aliamka saa nne na nusu.

Uvivu peke yake Wakili angeuvumilia. Kilichomkera ni ule ushauri. Baba akipiga magoti uani nyuma ya friji ya mteja, mjomba husimama mlangoni na kikombe mkononi na kumweleza kasoro iko wapi, na kasoro kila siku iko kwenye thamostati, kile kidude cha kudhibiti baridi. Baba humjibu, "Ee, shemeji," kwa sauti ya mtu aliyeng'ata bisibisi.

Jumatano, walipokaa kula mchana, Wakili alinyoosha mgongo.

"Baba, nimefikiria yale mliyosema. Wewe ulisema mbwa anakula na haleti kitu. Mama alisema manyoya. Mjomba alisema akiingia hatoki. Yote ni kweli. Lakini hapa nyumbani tayari tunaye anayekula na haleti kitu, anaacha nywele kwenye sinki, na aliingia hatoki, na bado tunaishi. Tena mbwa, akija mgeni, atabweka. Mjomba, akija mgeni, anajifunika shuka."

Baba yake alicheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akakamata glasi, lakini kicheko kilimkuta na maji mdomoni yakamtokea puani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maneno ya mtoto yangeweza kusamehewa kama utundu. Baba mwenye nyumba alipoyachekea, yakawa msimamo wa nyumba.

Mama aliweka kijiko chini. "Wewe, toka nje."

Wakili alikwenda kukaa uani juu ya friji mbovu, chini ya dirisha, mahali ambapo mtu husikia kila kitu bila kuonekana anasikiliza.

"Umemfundisha wewe," mama alisema.

"Sijamfundisha. Ana macho."

"Yule ni ndugu yangu."

"Najua ni ndugu yako. Mwezi wa nane huu najua."

Kisha ikaja sauti ya mjomba, nzito, ya hotuba. "Msigombane kwa ajili yangu. Mimi naondoka."

Alifungasha kwa mwendo wa mtu anayesubiri kuzuiwa. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. Aliulizia soksi moja kwa sauti iliyofika barabarani. Alizunguka sebule mara tatu. Baba alijitia anatafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake. Mama alisimama kando ya cherehani, mkono juu ya gurudumu, hashoni. Wakili, ambaye alikuwa amerudi hadi mlangoni, alimwona mjomba akimgeukia dada yake, mdomo umeshajiandaa kwa lile jibu la unyenyekevu, la kusema hapana, acheni tu niende. Hakuna aliyemwambia abaki. Mdomo ukajifunga. Ndipo alipoinua begi kweli, akapita karibu na Wakili bila kumshauri chochote.

Wakili alitaka kumdharau hata kwa hilo. Alishindwa.

Kesho yake asubuhi mama alimwambia, bila kumwangalia, "Jumamosi kamchukue mbwa wako."

"Umekubali?"

"Baba yako amekubali. Mimi sina nguvu za kubishana na watu wawili wenye akili namna hiyo."

Huko uani baba aling'oa mlango wa friji mbovu, akailaza, akaisafisha kwa sabuni ili iwe nyumba ya mbwa. Alikuwa anapiga mluzi. Hata zile hoja zake za Jumapili alikuwa amezisahau. Sasa alisema mbwa ni ulinzi. Wakili alisimama akamtazama. Fundi mzima, mikono kama koleo, amemeza maneno miezi minane, akasubiri mtoto ayaseme kwa niaba yake, halafu anapiga mluzi. Mjomba angalau uvivu wake aliulaza hadharani.

Jumamosi alikwenda kwenye karakana ya seremala, mwisho wa barabara yao. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mjomba. Alikaa juu ya gogo, unga wa mbao kichwani, anapiga msasa mguu wa kiti huku akimweleza seremala jinsi vanishi inavyopakwa. Nyuma ya mbao palikuwa na godoro jembamba lililokunjwa, na begi juu yake.

"Huyu ana siku tatu hapa," seremala alimwambia Wakili. "Amepiga msasa miguu miwili. Tena ya viti tofauti."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umefuata mbwa."

"Ndiyo."

Mjomba alisimama, akaenda mwenyewe kumtoa mtoto wa mbwa ndani ya boksi la misumari. Alimbeba vibaya, miguu ya nyuma ikining'inia, akamkabidhi. "Usimwogeshe mpaka afikishe mwaka," alisema. Wakili alijua huo ni uongo mtupu. Alijibu, "Sawa, mjomba." Alibaki amesimama, mbwa anamlamba kidevu.

"Mjomba, siku ile nilisema vibaya."

Mjomba alipuliza vumbi kwenye mguu wa kiti. "Ulisema vizuri. Ndiyo ubaya wake."

Wakili aliporudi nyumbani mama alikuwa kwenye cherehani, uzi midomoni. Hakumtazama mbwa.

"Amekula?"

"Amekula. Seremala alimpa maziwa asubuhi."

"Simuulizii mbwa."

Wakili alijaribu kukumbuka kama kule karakana aliona sahani, au sufuria, au jiko la aina yoyote. Alikuwa ameona kila kosa la mjomba mle ndani, mpaka namna alivyoshika msasa, na hilo hakuliangalia.

"Ulijua yuko pale?" aliuliza.

"Tangu Jumatano," mama alisema. Aliinuka, akapakua chakula kwenye bakuli la mfuniko, akalifunga kwa kipande cha kitambaa cheusi, akalitia mikononi mwa Wakili.

Wakili alipita uani. Baba alikuwa amechuchumaa anaisifu friji yake. Aliliona bakuli, akauliza linakwenda wapi. Wakili alimweka mtoto wa mbwa ndani ya friji, akamwambia baba yake amwangalie mpaka atakaporudi, akashika barabara kuelekea kwa seremala. Nyuma yake mbwa alianza kulia, na fundi akaanza kumbembeleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mke wake.