Dai la Kifaa Kinachonusa Pumzi

Mfuniko wa birika uligonga jikoni, alfajiri bado. Mume alikuwa ameamka kumchemshia mkewe chai, maana alimsikia akigaagaa kitandani usiku kucha.

"Mama watoto, ukizidi kuikodolea dari, itaona haya," alisema akimpa kikombe.

Mkewe hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa hataza, hati zinazompa mbunifu haki ya alichobuni. Kazi yake kuamua kama kilichobuniwa ni kipya kweli. Mezani alikuwa na dai la fundi umeme wa magari, Mzee Waya: kifaa kinachonusa pumzi ya kiumbe hai ndani ya gari lililofungwa, kisha kupiga honi. Mzee alikibuni baada ya mjukuu wake kusahaulika kiti cha nyuma, akatolewa hoi. Kiwanda kilikubali kukitengeneza, mradi hataza itoke.

Mkaguzi alikuwa ametafuta mpaka macho yakamwuma, asione kinachofanana nacho. Sasa, chai mkononi, moyo ukampiga paa. Kiumbe hai! Yeye alitafuta watoto na abiria tu. Na mifugo je?

Ofisini alifungua hataza za wafugaji, akiomba asikute kitu. Akakuta. Lori la vifaranga, la zamani, lenye kifaa kinachonusa pumzi za waliosahauliwa ndani na kupiga honi. Kila alichodai mzee kilikuwemo.

Siku hiyohiyo alikuwa ameahidi kwenda karakanani kukiona kifaa kikifanya kazi. Mzee Waya alimpokea kwa furaha, akamfutia kiti kwa upindo wa shati lake.

"Karibu, mwanangu. Mbona umesawijika? Umeniletea msiba?"

"Mzee wangu, vifaranga wamekutangulia."

Akamweleza yote. Bisibisi ikamponyoka mzee, akajishusha taratibu juu ya tairi.

"Niliandika kiumbe hai nisibague hata paka," alisema kwa sauti ndogo. "Basi kiwanda kitajitoa. Na watoto wataendelea kusahaulika."

"Umejinasa kwa huruma yako, baba. Umedai kingi mno. Kwenye maelezo ulisema kinatambua pumzi ya mtoto aliyelala?"

"Ndiyo. Wangu hakulia. Alikuwa amelala."

"Lori halina hilo. Lakini kwenye dai, sehemu inayolindwa na hataza, hukulitia."

Mzee akainua uso. "Nikilitia, nitapata?"

Mkaguzi alitamani kusema ndiyo. "Siahidi. Nitatafuta upya kila mahali, hata kwenye mitambo ya wodi za watoto wachanga. Naogopa nisije nikalikuta huko."

Mzee aliinuka, akambebea mkoba mpaka getini. Hakuuachia upesi.

"Uje tena, mwanangu. Hata ikiwa ni hapana, usimtume mtu. Uje mwenyewe."