Ajuza wa Kulipia

Jamani, hii mtabisha. Hata mimi niliyekuwepo, simu mkononi, nikiirudia video najiuliza kama kweli mtu mzima anaweza kununua fimbo kwa jasho lake, akaiweka mezani, halafu akachapwa nayo mbele za watu. Ilitokea. Na aliyemnunulia hiyo fimbo ni mimi, kwa kidole changu hiki.

Nianze na kaka. Si tumbo moja, ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka tu. Kazi yake kuziba pancha. Toka asubuhi yuko pale kona, matairi yamemzunguka, beseni la maji meusi la kutafutia tundu, mikono imeshika weusi wa mpira mpaka sabuni imekata tamaa. Kila mtu anamwita Pancha. Wateja, mwenye nyumba, hata katoto ka jirani ambako kanajifunza kuongea. "Pancha, njoo!" Mtu ana miaka thelathini na moja.

Kulikuwa na sehemu moja tu duniani ambapo haitwi hivyo. Chumba cha gemu cha Mama Rimoti, mlango wa pili kutoka saluni ninaposuka. Mama Rimoti anaitwa hivyo kwa sababu rimoti zote za kuchezea ziko kwenye mkoba wake wa begani: hulipi, hushiki. Ukuta mmoja ameupaka rangi nyeusi, na kila mchezaji ana jina lake la vita kwa chaki. La kaka lilikuwa Radi. Akikanyaga tu kizingiti: "Radi kaingia!" Ungeona mgongo unavyonyooka.

Sasa sheria ya pale. Mtu mmoja akikufunga mara kumi mfululizo, unafutwa. Tena hufutwi na mtu, unapewa kitambaa kibichi ujifute mwenyewe huku watu wanahesabu herufi. Baada ya hapo makazi yako benchi la nyuma, unalipa nusu bei ya kutazama, rimoti hugusi. Ukitaka jina lirudi una ombi moja tu maisha yako yote: pambano moja na aliyekufuta. Ukishindwa hilo, hata mlango usiusogelee.

Na kaka alikuwa ameshafungwa tisa. Na Daktari.

Daktari ni kijana hana kazi wala haitafuti. Anashinda pale toka Mama Rimoti anafungua mpaka anafunga, na wanamwita Daktari kwa sababu anakupasua bila ganzi. Mdomo wake sasa! Mdomo wake ndio kisu chenyewe.

"Radi, vidole unavyo," alimwambia jioni ile alipomfunga la tisa. "Shida yako unatumia wapiganaji wa bure. Hawa waliokuja na gemu tunawajua mpaka wanavyopumua. Kanunue Ajuza."

Ajuza ni nyongeza mpya ya gemu la kupigana. Kibibi kimepinda mgongo, kina mkongojo, unakicheka mpaka kikurushe juu. Hayumo ndani ya gemu; unamlipia ndiyo anashuka. Na bei yake, sikufichi, ilikaribia nusu ya bei ya gemu zima. Kibibi kimoja!

"Nusu ya gemu kwa mtu mmoja?" kaka akashangaa.

"Kwani jina lako bei gani?" Daktari akamuuliza.

Chumba kizima: "Eeeeh!"

Kesho yake, Jumatatu, kaka kaja saluni, kasimama nje ya mlango maana anajua mikono yake na taulo nyeupe haviivi. "Dada, simu yako si inalipa vitu vya mtandaoni?" Alikuwa na hela aliyokuwa anaweka ya kuezeka kibanda chake, mvua isimkute tena uwanjani kama mbuzi. Akanitumia yote.

"Nikishamlipia, anakuwa wangu peke yangu?" Aliniuliza hivyo, neno kwa neno.

"Ukilipa ni wako," nikamwambia.

Tukaenda kwa Mama Rimoti, mashine ikawashwa, nikaingiza namba za kadi. Kabla ya kumaliza kukatokea maandishi madogo. Kaka macho yote yako kwenye picha ya kibibi. Mimi nikasoma: nyongeza inaingia kwenye akaunti ya mashine hii, na yeyote anayecheza hapa ataitumia. Akaunti yenyewe ya Mama Rimoti. Yaani ni sawa na kununua kiti chako kizuri ukakiacha kituo cha basi. Nikageuka, Daktari yuko nyuma ya bega langu, keshasoma. Akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza.

Nilikuwa na wafuasi mia nne na kitu. Nikaiona video kabla haijatokea. Nikabonyeza Kubali.

Pambano la kumi lilipangwa Jumapili. Sasa piga picha: kaka mchana kutwa yuko kwenye matairi, jioni anapata saa moja ya kujifunza Ajuza, tena saa yenyewe ya kulipia. Daktari alikuwa na huyo kibibi asubuhi mpaka jioni. Alimjua kuliko wajukuu wake. Kaka akichungulia mlangoni, Daktari anachagua mpiganaji mwingine chap, chumba kizima kinakaza midomo. Watu kumi na wawili, hakuna aliyesema. Mimi wa kumi na tatu.

Jumapili kaka kaja ameoga, shati jeupe limepigwa pasi. Akamchagua Ajuza, akatabasamu. Daktari akapitisha kidole taratibu, akamchagua Ajuza. Wa kwake kavaa nyekundu.

"Wee! Huyo ni wangu!"

"Wako?" Daktari hata hakugeuka. "Mama Rimoti, mashine ya nani?"

"Yangu."

"Umeme?"

"Wangu."

"Na bibi?"

"Akishaingia kwenye mashine yangu," Mama Rimoti akasema, "huyo kaolewa hapa."

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Kaka akanitazama. Mimi nikaitazama skrini ya simu, nikahakikisha inarekodi.

Pambano lenyewe lilikuwa dhuluma. Daktari alimpiga mpaka uhai ukabaki kipande kama ukucha, halafu akakataa kummalizia. Akabonyeza vitu fulani, Ajuza wake akakaa chini, akajinyoosha miguu, akaanza kujipepea.

"Hii hukuijua?" Daktari akamuuliza kwa upole kabisa. "Ipo. Si uliinunua?"

Kaka akamkimbiza Ajuza wake kumvamia. Mkongojo mmoja, kwisha.

Kitambaa kikaletwa. Akasimama mbele ya ukuta, shati limeloa mgongoni. "Moja!" R ikaenda. "Mbili!" Herufi nne haziishi chapchap kama unavyodhani. Alipomaliza alibaki ameshika kitambaa, hajui akiweke wapi. Ndipo mmoja wa nyuma akasema, wala hakukusudia ubaya:

"Pancha, sogea basi, hatuoni."

Mwaka mzima nilikuwa naingia chumba kile, ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo mle ndani. Na yeye akasogea.

Video ikatazamwa na watu elfu arobaini. Chini yake wakabishana siku tatu kama nyongeza za gemu zina thamani ya hela. Inategemea unamuuliza nani. Daktari alimpata bure. Wateja wakawa wanamletea kaka matairi huku wameshika simu: "Huyu si wewe?" Anajibu, "Ndiye," anaendelea kukwangua mpira. Jioni analipa nusu bei, anakaa benchini, anamtazama bibi yake akiwapiga wengine.

Mimi hakuwahi kuniuliza kitu.

Wiki hii imetoka nyongeza nyingine: Mchimba Kaburi, ana koleo. Daktari kaja saluni, kakaa kwenye kiti cha wateja, kajizungusha. "Mwambie kaka yako huyu wa sasa ni wa mtu mmoja mmoja. Atumie ombi lake. Video ya pili itaimeza ya kwanza."

Baadaye ujumbe wa kaka ukaingia: "Dada, nimepata mtu wa kununua mashine yangu ya kujazia matairi upepo. Huyu mpya kama watamtumia wote sinunui, bora nibaki benchini kuliko nifukuzwe kabisa. Nisomee yale maandishi vizuri, mimi siyaelewi. Wewe ndiye nakuamini."

Nikayafungua, nikayasoma. Ni yale yale, hata nukta haikuhama. Mteja wangu kichwa nusu kimesukwa, ananilalamikia nimekuwa na simu kuliko nywele zake. Nikamwandikia kaka neno moja.

"Nunua."

Hela ameshatuma. Pambano ni Jumapili, na wafuasi wananiuliza saa ngapi. Msinitukane kwanza. Nijibuni kama ninavyowauliza, na mseme ukweli: mngekuwa mmeshika simu hii, mngemwandikia nini?